Kabla hujatuma riali za laptopu mpya

Mshahara ukiingia tu, simu zinaanza. Ada ya shule, bati la nyumba, dawa za bibi, na siku hizi kuna ombi ambalo zamani halikuwepo: "Shikamoo mama, laptopu imekufa, naomba nyingine." Ukiuliza imekufaje, unaambiwa haijafa kabisa. Inawaka, ila ukibonyeza kitu unaweza kwenda kuchota maji ukarudi bado inazunguka. Hapo ndipo tunapotaka tuongee, maana tunawaona ndugu zetu huku Oman wanakata riali mia kwa shida ambayo ingetibiwa kwa riali chache. Na tunawaona wengine wanaotia hela kidogo kidogo kwenye mashine iliyokwisha, leo RAM, kesho betri, keshokutwa skrini, mpaka jumla inapita bei ya nyingine nzima.

Msimamo wetu ni huu: laptopu ya zamani inastahili kutengenezwa mara moja, kwa kitu kimoja au viwili, baada ya hapo mkono unafungwa. Na kitu cha kwanza ni diski. Si RAM kama watu wanavyopenda kusema, wala si prosesa.

Tuchukue mfano wa huku milimani. Misfat al Abriyeen, juu ya Al Hamra, ni kijiji ambacho shirika la utalii la Umoja wa Mataifa lilikitaja 2021 miongoni mwa vijiji bora vya utalii. Nyumba za zamani za udongo na mawe zimegeuzwa nyumba za wageni, na baadhi yetu tunahangaikia riziki humo, jikoni, usafi, mapokezi. Mwenzetu mmoja wa mapokezi alikuwa na HP EliteBook 840 G1, Core i5 ya kizazi cha 4, RAM GB 4, diski ya kuzunguka ya GB 500. Asubuhi akiiwasha, anaweka chai jikoni, anapeleka mikate kwa wageni, akirudi ndiyo kwanza inamwonyesha picha ya ukutani. Alikuwa keshaulizia laptopu mpya ya mkopo Nizwa, ya kulipa kila mwezi, na malipo hayo yalikuwa yatoke kwenye hela anayomtumia mdogo wake Tanga anayesomea ualimu.

Tukamwomba asubiri wiki moja. Mfuniko wa chini wa mashine ile unafunguka kwa kusukuma kitasa, hata bisibisi huhitaji kwa hatua hiyo. Akaweka SSD ya GB 240 na kipande cha RAM cha GB 4 kwenye nafasi iliyokuwa tupu. Sasa inawaka kwa nusu dakika au pungufu. Mashine ileile, prosesa ileile. Hela ya mdogo wake haikuguswa.

Kwa nini diski? Aliyewahi kutembea kandokando ya falaji ya Misfat ataelewa haraka. Birika la kukusanyia maji unaweza kulijenga kubwa unavyotaka, lakini kama mfereji unaoleta maji ni mwembamba, mitende ya bondeni itasubiri tu. Kwenye laptopu nyingi za zamani, mfereji mwembamba ni diski ya kuzunguka. Ndani yake mna sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde, na mkono mdogo unaohama huku na huku kutafuta data, kama sindano ya santuri. Kila faili ndogo inayoombwa, mkono uhame na sahani ifike mahali pake. Kwa mwendo huo diski haifikii hata maombi 100 kwa sekunde, na Windows ikiwaka inaomba vifaili vidogo maelfu kwa maelfu. SSD haina kinachozunguka. Inajibu maombi kwa makumi ya maelfu kwa sekunde. Hata kwenye kunakili faili kubwa, ambako diski ya zamani hujitahidi kufika MB 100 kwa sekunde, SSD ya kawaida ya SATA inafika MB 500.

Utajuaje kama shida yako ndiyo hiyo? Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka Task Manager, nenda kwenye Performance. Kama Disk imekaa kwenye asilimia 100 wakati wewe hufanyi lolote, na CPU iko chini kabisa, umeshampata mchawi. Ukurasa huohuo, ukibonyeza Memory, unakuonyesha RAM ni GB ngapi, na kwenye mashine nyingi unaandika pia nafasi ngapi zimetumika kati ya ngapi. Kwa hiyo mtoto akiomba laptopu nyingine, mwambie apige picha mbili za kurasa hizo na picha ya kibandiko cha chini ya mashine, azitume kwa WhatsApp. Picha tatu tu. Usikubali "imekufa" bila picha, na wala si kwamba humwamini mwanao. Ni kwamba fundi yeyote, wa Ruwi au wa Kariakoo, atakuuliza hayohayo.

Tahadhari moja ya ununuzi. SSD ziko za maumbo mbalimbali. Laptopu za miaka ya 2010 hadi 2016 hivi nyingi zinachukua ile bapa ya inchi 2.5 yenye SATA. Zile nyembamba kama kipande cha ubani wa kutafuna, za NVMe, zina kasi ya MB 3,000 na zaidi kwa sekunde, lakini haziingii kwenye nafasi ya inchi 2.5, na muuzaji akikuuzia kwa sababu "ndiyo ya kisasa" utabaki nayo mkononi. Laptopu za zamani zaidi ya hapo, za 2008 au 2009, zina SATA ya mwendo wa chini, kama MB 300 kwa sekunde. SSD itafanya kazi tu, ila usilipie ya bei kali kwa sababu mlango wenyewe hauruhusu. Na ukiona SSD ya TB 2 inauzwa kwa bei ya sahani ya biriani, ujue ni feki. Zipo zinazojitangaza TB 2 wakati ndani mna kadi ndogo ya simu, na ukijaza picha za harusi zinaanza kupotea.

RAM nayo ina nafasi yake, lakini ina kikomo, na hapa ndipo hela nyingi zinapotea. Kutoka GB 4 kwenda 8 utaona tofauti, hasa kwa anayefungua Chrome yenye kurasa kumi na Zoom juu yake. Kutoka 8 kwenda 16 kwa mtu anayeandika kazi za chuo na kuangalia video, hatuoni sababu. Halafu kuna kuta. Windows ya biti 32 haitumii zaidi ya GB 4, na kwa kweli inakuachia kama 3 na kitu, hata ukiweka 8. Vile vilaptopu vidogo vya Atom vya 2010 vikomo vyake ni GB 2, basi. DDR2, DDR3 na DDR4 hazibadilishani, pengo la chini limekatwa mahali tofauti makusudi ili usiweze kulazimisha. DDR3L inatumia volti 1.35 na ile DDR3 ya kawaida volti 1.5, na laptopu nyingi za kizazi cha 4 zinataka hiyo yenye L. Nyembamba nyingi, zikiwemo MacBook Air zote, RAM yake imelehemiwa kwenye bodi: ulichonunua siku ya kwanza ndicho utakachokufa nacho. Isitoshe, bei ya RAM imepanda sana tangu mwisho wa 2025 kwa sababu viwanda vinakimbilia kuuzia kompyuta za akili bandia, kwa hiyo ukipata kipande kizima cha mtumba kutoka laptopu iliyovunjika skrini, si aibu kukichukua.

Prosesa tutaipita haraka. Kuanzia Core ya kizazi cha 5, laptopu za Intel prosesa zake zimelehemiwa kwenye bodi. Za nyuma zaidi, kama ThinkPad T420 au Dell Latitude E6420, baadhi zinabadilishika, lakini unaongeza kidogo, unaongeza joto, na unalipa fundi. Fundi anayekushauri kubadilisha prosesa ya laptopu ya 2011 anakula kwako.

Kabla ya kununua chochote, kuna kasi ya bure. Vumbi la Oman tunalijua, linaingia hata kwenye mtungi uliofunikwa. Feni ikiziba, prosesa inapanda joto, na ikikaribia nyuzi 100 inajipunguzia mwendo yenyewe isiungue. Wewe unaona kompyuta nzito, kumbe imeshikwa na homa. Kusafisha feni na kubadilisha ile pesti kati ya prosesa na chuma cha kupoozea ni kazi ya saa moja kwa fundi anayejua. Angalia na chaja: baadhi ya laptopu zikichomekwa chaja zisiyoitambua hupunguza mwendo makusudi, na mtu anabadilisha kila kitu isipokuwa hiyo chaja ya riali mbili iliyoleta balaa. Kisha kwenye Task Manager kuna ukurasa wa Startup. Zima yote yanayojiwasha yenyewe ambayo huyahitaji.

Sasa tuje kwenye ukuta ambao hakuna RAM wala SSD inayouruka. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 au baadaye, yaani mashine za kuanzia mwisho wa 2017 hivi. EliteBook ya mwenzetu wa Misfat, pamoja na kasi yake mpya, haimo. T420 haimo, E6420 haimo. Wapo mafundi watakaokuwekea Windows 11 kwa mlango wa nyuma, na itawaka, lakini Microsoft yenyewe inasema mashine za namna hiyo hazina uhakika wa kupata masasisho.

Hili kwetu si jambo la mafundi peke yao. Sisi ni watu wa kutuma hela. Kompyuta hiyohiyo ya mapokezi inayochukua nakala za pasi za wageni ndiyo mtu anaifungua usiku kuangalia salio la benki na kuweka neno la siri la akaunti anayotumia kutuma nyumbani. Mashine isiyopata masasisho ya usalama ni mlango usio na komeo, na huwezi kujua lini atapita mwizi. Maoni yetu: kwenye Windows 10 isiyohudumiwa tena, usifungue akaunti ya hela yoyote. Tumia simu, kama simu yako bado inapata masasisho.

Kuna njia tatu za halali. Ya kwanza ni muda wa nyongeza ambao Microsoft imeutoa kwa watu binafsi, hadi 13 Oktoba 2026. Unalipia dola 30, na kwa kuwa riali moja ya Oman imefungwa kwenye dola 2.60 tangu 1986, hiyo ni kama riali 11 na nusu. Lakini usikimbilie kulipa. Ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na ukawasha uhifadhi wa mipangilio yako, unaupata bure. Ni nyongeza ya muda tu, ukuta uko palepale.

Ya pili ni kuachana na Windows. Linux Mint ni bure, inataka angalau GB 2 za RAM na inapendelea 4, na kwenye mashine ya 2012 yenye SSD inakimbia vizuri. Unaiweka kwenye flashi, unawasha laptopu kutoka hapo, unaijaribu bila kufuta chochote. Kwa mwanafunzi wa ualimu anayeandika, anayesoma PDF, anayeingia darasa la mtandaoni, inatosha kabisa. Kasoro ipo: Microsoft Office yenyewe haisakiniki humo, utatumia LibreOffice, na mwalimu mkali wa mpangilio wa kurasa anaweza kulalamika. Programu ya uhasibu ya ofisini iliyotengenezewa Windows nayo ni shida. Kwa hiyo uliza kwanza mtoto anatumia nini.

Ya tatu ni kununua, lakini kununua kwa akili. Tunawasikia wasemao kwamba mtumba ni mtumba, mpya ni mpya, na mtoto wa mtu aliyeko Uarabuni asiaibike chuoni. Hoja ya aibu tunaielewa, mzazi aliye mbali ana deni moyoni na sanduku jipya linapunguza lile deni. Lakini mpya ya bei ya chini mara nyingi ni hii: Celeron ya koa mbili, RAM GB 4 iliyolehemiwa, na hifadhi ya eMMC GB 64 iliyolehemiwa pia. Hicho ndicho kima cha chini kabisa cha Windows 11, GB 4 na GB 64. Imefika kikomo chake siku inayotoka kwenye boksi, na huwezi kuiongeza kitu. Mwaka mmoja hifadhi imejaa masasisho, na simu inapigwa tena. Mtumba wa ofisini wenye i5-8250U ya 2017, koa nne, RAM GB 8 na SSD, utaiacha mbali, inaingia Windows 11 kihalali, na kwenye nyingi ya hizo kesho ukitaka kuongeza RAM unaongeza.

Kuhusu hesabu, sisi tunatumia theluthi. Tuseme mtumba wa kizazi cha 8 unaupata Nizwa au Nairobi kwa riali 60. Theluthi yake ni 20. Kama SSD, RAM na kazi ya fundi kwa mashine ya zamani havizidi 20, na mtumiaji anaweza kuishi na Linux au na muda wa nyongeza, tengeneza. Ikizidi, au ikiwa kuna kitu cha tatu kilichoharibika kama betri iliyovimba au bawaba iliyovunjika, acha, weka zile 20 pembeni, zianzie mfuko wa ile ya 60. Mtoto wa usanifu majengo anayetumia AutoCAD, au kijana anayehariri video za harusi kwa malipo, huyo hesabu yake ni nyingine. Usimkarabatie ya zamani, mtamaliza mwaka mnalaumiana.

Na kama unaipeleka mashine nyumbani kwa ndege, yako mwenyewe au kwa mkono wa mtu, betri ya akiba isiyo ndani ya laptopu hairuhusiwi kwenye sanduku la mizigo, inakaa kwenye begi la mkononi. Betri iliyovimba usisafiri nayo kabisa. Kabla ya kuikabidhi, toa akaunti zako zote humo, hasa ya benki na ya barua pepe, maana mdogo wako akiipeleka kwa fundi wa mtaani, fundi naye ana macho.

Ile diski ya kuzunguka uliyoitoa, kama bado nzima, usiitupe wala usiiache kwa fundi ikiwa na nakala za pasi na mikataba yako. Inunulie kasha la USB, ifute, uitumie kuhifadhi picha za nyumbani na stakabadhi za kila ulichotuma.